Maswali ya Wasomaji: Maisha ya Wanawake katika Filamu za Zamani Zilizosahauliwa

Tangu safu hii ilipogusia filamu za zamani zilizotengenezwa na wanawake, barua zimekuwa zikija mfululizo, na nyingi zinauliza mambo yanayokaribiana. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia, na baadhi nimezifupisha bila kubadili maana.

Swali: Ndugu mwandishi, nimekuwa nikitazama filamu za miaka ya 1920 hadi 1950, na kuna jambo limenichosha. Mwanamke humo ni mke wa shujaa, mama wa shujaa, au maiti inayomfanya shujaa aende kulipiza kisasi. Je, enzi hizo hapakuwa na filamu ambayo maisha ya mwanamke mwenyewe, shida zake na mawazo yake, ndiyo habari yenyewe? Kama zipo, nianzie wapi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Ndugu msomaji, zipo, tena nyingine zilitangulia hizo unazozitazama. Kwa anayeanza sisiti kutaja Shoes, filamu isiyo na sauti iliyoongozwa na Lois Weber nchini Marekani mwaka 1916. Mhusika mkuu ni Eva Meyer, msichana muuzaji wa dukani, ambaye ujira wake ndio unaoilisha nyumba nzima: mama, wadogo zake watatu, na baba ambaye hana kazi wala hajishughulishi kuitafuta, bali hushinda kitandani akisoma riwaya za bei rahisi. Viatu vya Eva vimekwisha. Kila juma anatumaini kwamba katika mshahara anaoukabidhi mama atamwachia kiasi cha kununua jozi nyingine, na kila juma fedha hizo zinamezwa na kodi, chakula na madeni. Kisa chenyewe ni hicho tu, na uzito wa filamu umo humo humo.

Utakapoitazama, tulia kwenye onyesho ambalo Eva anakata kipande cha katoni kwa umbo la unyayo wake na kukitia ndani ya kiatu ili kizibe tundu la soli. Weber hakutuandikia maelezo kwamba msichana huyu ni fukara. Alituonyesha vidole vyake vikifanya kazi hiyo kwa ustadi unaofichua kwamba amekwisha kuifanya mara nyingi. Kisha mvua inanyesha, katoni inalowa na kuharibika, na sisi tuliomwona akiikata tunaihisi baridi ile kabla yeye hajaonyesha dalili yoyote usoni. Mwishowe Eva anamkubali mwimbaji wa kabareti aliyekuwa akimmezea mate, na anarudi nyumbani na viatu vipya miguuni akilia, huku baba akileta habari kwamba hatimaye amepata kazi. Liko jambo moja ambalo silipendi: mkono mkubwa wenye maandishi ya neno Umaskini unatokea juu ya kitanda cha Eva na kumkaba. Hapo mwongozaji hakuiamini picha yake mwenyewe, kwa maana katoni ilikwisha kusema yote.

Ukiipenda hiyo, endelea na The Blot ya mwaka 1921, ya Weber huyo huyo, inayohusu familia ya profesa asiyelipwa vya kutosha. Mama wa nyumba, akiwa na binti mgonjwa anayehitaji chakula chenye nguvu, anainyemelea kuku iliyo jikoni kwa jirani tajiri. Anaichukua, dhamiri inamsuta, anairudisha. Binti yake anamwona akiichukua lakini hamwoni akiirudisha. Sijui filamu nyingi, za zamani au za leo, zilizojenga jambo zito kiasi hicho kwa kuku mmoja na dirisha moja.

Swali: Je, ni lazima mwongozaji awe anasimulia maisha yake mwenyewe ndipo filamu ihesabiwe kuwa simulizi binafsi ya mwanamke? Na je, mwanamume hawezi kuiongoza filamu ya namna hiyo?
*Mwalimu wa fasihi*

Jibu: Si lazima, Mwalimu. Wapo waliosimulia maisha yao wenyewe bila kificho. Márta Mészáros wa Hungaria alipoteza baba yake, mchongaji wa sanamu, katika ukamataji wa enzi ya Stalin alipokuwa mtoto ugenini katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1984 alituletea Napló gyermekeimnek, kisa cha msichana yatima anayerudi Budapest baada ya vita na kuwekwa chini ya ulezi wa mwanamke mwenye cheo katika chama tawala. Wapo pia waliokihamisha kisa chao kwa mtu mwingine. Ida Lupino, aliyeugua polio mwaka 1934 akiwa bado msichana mdogo katika uigizaji, aliongoza Never Fear mwaka 1949, na ugonjwa ule akaupa mhusika wake, mcheza dansi ambaye mwili unamkatalia ghafla. Alipiga picha katika kituo halisi cha tiba ya viungo, na miongoni mwa wanaoonekana mle wamo wagonjwa wenyewe, wakiwemo wale wanaocheza dansi wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Hata hivyo, filamu ninayoiona kuwa jibu bora la swali lako ni ya mwanamke aliyesimulia maisha ya mwanamke mwingine. Kinuyo Tanaka alikuwa mmoja wa waigizaji mashuhuri kabisa wa Japani, na kati ya mwaka 1953 na 1962 aliongoza filamu sita. Ya tatu kati ya hizo, Chibusa yo eien nare ya mwaka 1955, inahusu mshairi Fumiko Nakajo, aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 31, wakati mashairi yake ndiyo kwanza yameanza kupata jina. Mswada uliandikwa na mwanamke mwingine, Sumie Tanaka, asiye na undugu na mwongozaji.

Ingekuwa rahisi kumgeuza Nakajo kuwa mtakatifu anayekufa taratibu huku muziki ukilia. Kinuyo Tanaka hakufanya hivyo. Mshairi wake ana hasira, ana tamaa, na wakati mwingine ni mkatili kwa watu wanaompenda. Yuko rafiki yake wa ushairi, mume wa mtu, ambaye Fumiko alimpenda kimoyomoyo na ambaye alitangulia kufa. Baada ya upasuaji Fumiko anakwenda nyumbani kwa mjane wa mtu huyo, anaomba kuoga katika bafu alilokuwa akiogea marehemu, kisha anamwacha mjane auone wazi ubavu wenye kovu. Mjane anashindwa kuendelea kutazama. Katika onyesho hilo moja mna wivu, huzuni, ukaidi na aina ya ushindi ambayo sina jina lake, na hakuna anayelia. Baadaye, hospitalini, Fumiko anamfuata maiti anayesukumwa kupelekwa chumba cha maiti, na tunamwona amesimama kwenye lango la chuma asiloweza kulipita, akitazama mahali ambapo anajua kwamba naye atapelekwa.

Kuhusu wanaume: wanaweza, na wapo waliofanya vyema. Kenji Mizoguchi alimwongoza Tanaka katika filamu nyingi zinazohusu mateso ya wanawake, na nyingine ni za kiwango cha juu sana, ikiwemo ile ya maisha ya Oharu ya mwaka 1952. Lakini Mizoguchi huyo huyo alipinga Tanaka kuwa mwongozaji. Alimtazama mwanamke kwa huruma kubwa alipokuwa mbele ya kamera, ila hakutaka awe nyuma yake. Kwa hiyo, ninapotazama filamu kama hizi, swali langu ni moja: je, huyu mwanamke ana haki ya kufikiri jambo ambalo mtazamaji hatalipenda? Pale ambapo haki hiyo ipo, jina la mwongozaji halinisumbui. Nakiri tu kwamba nimeikuta mara nyingi zaidi pale ambapo mwongozaji alikuwa mwanamke.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea utayarishaji wa filamu. Mifano yote tunayopewa darasani kuhusu wanawake wa zamani katika sinema inatoka Ulaya na Marekani. Waafrika hawakuwepo?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Jibu: Marahaba mwanangu. Walikuwepo, na swali lako limenifurahisha kwa sababu baadhi ya filamu ninazozipenda kuliko zote zimo hapo. Ni kweli kwamba zilichelewa kuanza, kwa kuwa katika makoloni mengi Mwafrika hakupewa kamera. Walipoipata, wanawake hawa hawakupoteza muda kuiga wengine.

Sarah Maldoror, aliyezaliwa Ufaransa kwa baba mwenye asili ya Guadeloupe na kusomea sinema Moscow, aliongoza Sambizanga mwaka 1972. Kisa kinatokea Angola mwaka 1961, chini ya utawala wa Wareno. Domingos Xavier, dereva wa trekta, anakamatwa na kupelekwa gerezani, ambako anateswa kwa sababu ya kukataa kuwataja wenzake. Mwongozaji mwingine angekaa naye gerezani muda wote. Maldoror alikaa pia na mkewe, Maria, anayefunga mtoto mgongoni na kuondoka kijijini kumtafuta mumewe, akienda kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila mahali akiambiwa kwamba anayemtafuta hayupo hapo, ajaribu kwingine. Tunatembea naye. Tunaona vumbi la njia, tunamwona akimnyonyesha mtoto, tunaona jinsi wanawake asiowafahamu wanavyompokea na kumpa mahali pa kukaa. Mapambano ya ukombozi yanaonekana kupitia miguu ya mwanamke ambaye mwanzoni hakujua hata kwamba mumewe yumo ndani ya mapambano hayo. Angola ilikuwa bado vitani wakati huo, kwa hiyo picha zilipigwa Kongo Brazzaville, na mwaka huo huo filamu ilishinda tuzo kuu katika tamasha la Carthage, Tunisia.

Safi Faye wa Senegal alitoa Kaddu Beykat mwaka 1975. Aliipigia picha kijijini kwao, miongoni mwa jamaa na majirani, na akaipanga kama barua anayomwandikia mtu wa karibu, akieleza jinsi kilimo cha karanga kinavyowadidimiza wakulima. Sauti inayoisoma barua ni yake mwenyewe. Zingatia kwamba kabla ya hapo watu wa vijiji kama hicho walikuwa wamezoea kusimuliwa na mtaalamu mgeni, ilhali hapa anayesimulia ni binti wa kijiji.

Lakini kwa anayesoma utayarishaji kama wewe, itafute kwa kila njia La Nouba des femmes du Mont Chenoua ya mwandishi wa Algeria, Assia Djebar, iliyokamilika mwaka 1977 na kutuzwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Venice mwaka 1979. Kabla ya kupiga picha, Djebar alikwenda milima ya Chenoua, eneo la ukoo wa mama yake, akazungumza na wanawake wa huko kuhusu vita vya uhuru: nani alificha wapiganaji, nani aliwapelekea chakula, nani alilala juu ya mti usiku kucha nyumba yake ikiteketezwa. Kisha alibuni mhusika, Lila, msanifu majengo anayerudi eneo hilo miaka mingi baada ya vita, akiwa na binti mdogo na mume aliyeumia na kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Mume anamtazama mkewe lakini hawezi kumfuata. Lila anaingia na kutoka, anaendesha gari kwenda kuwasikiliza wale bibi, na kila simulizi analolisikia linamrudishia kipande cha maisha yake.

Angalia mwanzo wake. Lila amegeukia ukuta, na maneno yake ya kwanza tunayasikia bila kuuona uso. Djebar anatulazimisha tusikilize kwanza, na haki ya kutazama tutaipata baadaye. Wale bibi nao hawahojiwi kama mashahidi mahakamani. Wanaachwa wanyamaze, warudi nyuma, waseme jambo nusu. Wengi waliozoea filamu za vita zenye mizinga na bendera hawakuipokea vizuri. Mimi naamini kwamba ndiyo filamu ya vita iliyo kamili kuliko nyingi zenye mizinga hiyo, kwa sababu inajua vita hubaki wapi vikishakwisha.

Swali: Naomba unijibu bila kunionea haya. Kama filamu hizi ni nzuri kiasi hicho, kwa nini zilisahauliwa? Je, haiwezekani kwamba zilipotea kwa sababu hazikuwa na ubora?
*Msomaji mwenye shaka*

Jibu: Nakujibu waziwazi, ndugu yangu. Filamu hazibaki kwa sababu ya ubora. Zinabaki kwa sababu yupo aliyelipia gharama za kuzihifadhi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 tepe za sinema zilitengenezwa kwa nitreti, kitu kinachooza na kugeuka unga, na kinachoshika moto ambao hata maji hayauzimi. Studio nyingi, filamu ilipokwisha kuonyeshwa, ziliyeyusha nakala ili kutoa madini ya fedha yaliyomo, au zilizitupa ili kupunguza gharama ya ghala. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba katika filamu ndefu zisizo na sauti karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la awali. Huo ni msiba wa wote, wanaume na wanawake.

Juu ya msiba huo wa wote, wanawake waliongezewa mwingine. Wengi walifanya kazi katika kampuni ndogo zao wenyewe, na kampuni ilipofungwa hapakuwa na mrithi wa kulinda nakala. Alice Guy, Mfaransa aliyeanza kuongoza filamu miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ambaye mwaka 1910 alianzisha kampuni yake, Solax, nchini Marekani, alirudi Marekani mwaka 1927 kuzitafuta filamu zake mwenyewe, akaondoka mikono mitupu. Hebu tafakari: mtu aliyesimamia mamia ya filamu hawezi kupata hata moja ya kumwonyesha mwajiri kama ushahidi wa kazi yake. Huko Napoli, Italia, Elvira Notari alitengeneza filamu ndefu zipatazo 60 na kampuni ya familia yake, na zilizosalia ni chache mno.

Kisha kuna zile ambazo hazikupotea, ila zilizuiwa au zilikosa msambazaji. Kira Muratova, huko Odessa katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, alitengeneza Korotkiye vstrechi mwaka 1967 na kuigiza mwenyewe kama mwanamke mwenye wadhifa mjini, anayesimamia huduma ya maji. Inaanza na mwanamke huyo akihangaika kuandika hotuba huku akijadiliana na nafsi yake kama aoshe vyombo au asivioshe. Wakubwa hawakuipenda, na kwa takribani miaka 20 filamu hiyo haikuwafikia watazamaji. Kathleen Collins, Mmarekani mweusi, alikamilisha Losing Ground mwaka 1982, kuhusu profesa wa falsafa anayetafiti hali ya mtu kujawa na furaha ipitayo kiasi ilhali yeye mwenyewe haijui. Hakuna aliyekubali kuisambaza katika majumba ya sinema. Collins alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 46, na ni bintiye aliyehangaika kuiokoa hadi ikapata kuonyeshwa rasmi New York mwaka 2015, ambako wahakiki waliipokea kwa mshangao. Ubora wake mwaka 2015 ulikuwa ule ule wa mwaka 1982.

Nikupe mfano wa mwisho. Barbara Loden alisoma katika gazeti habari ya mwanamke aliyehukumiwa kwa kushiriki wizi wa benki na ambaye alimshukuru hakimu kwa kumfunga. Loden hakuweza kuisahau habari hiyo. Aliandika Wanda, akaiongoza na kuiigiza mwenyewe kwa fedha kidogo na kikundi cha watu wachache, na ikatoka mwaka 1970. Kuna picha ndefu mwanzoni ambamo Wanda anaonekana mbali sana, nukta nyeupe inayosogea polepole katikati ya marundo ya makaa ya mawe. Baadaye anafika mahakamani akiwa amechelewa, nywele zimeviringishwa kwenye vibanio, na anamwambia hakimu kwamba mumewe akitaka talaka apewe tu. Filamu ilituzwa Venice, kisha ikaonyeshwa sehemu chache mno nchini mwake. Loden alifariki mwaka 1980 bila kupata kuongoza filamu nyingine ndefu. Nakala mama ziliokolewa kutoka maabara iliyokuwa ikifungwa, zikakaribia sana kutupwa, na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kikairejesha filamu katika hali nzuri mwaka 2010. Wanda haikuwa na upungufu uliostahili jalala.

Swali: Dada mwandishi, nilifuata ushauri wako wa awali, nikatazama filamu mbili za aina hii, na nasikitika kusema kwamba nilisinzia. Tena katika ile isiyo na sauti watu walikuwa wakikimbiakimbia kama wamechanganyikiwa. Tatizo ni mimi?
*Mtazamaji aliyechoka*

Jibu: Si wewe, dada. Kuhusu kukimbiakimbia, kosa ni la nakala. Zamani zile kamera ziliendeshwa kwa mkono, mara nyingi kwa mwendo wa picha 16 hadi 20 kwa sekunde, na filamu ikichezwa kwa mwendo wa picha 24 uliokuja kuzoeleka baada ya sauti, kila mtu ataonekana ana haraka. Nakala zilizorejeshwa na hifadhi zinazojulikana husahihisha jambo hilo. Zile zinazozagaa ovyo mtandaoni mara nyingi hazisahihishi. Ukipata nakala ya namna hiyo, punguza mwendo katika kifaa chako hadi mtu anayetembea aonekane anatembea.

Kuhusu usingizi, huenda ulikuwa unasubiri tukio kubwa, na filamu hizi huliweka tukio mahali padogo. Jaribu Krylya ya Larisa Shepitko, ya mwaka 1966, yenye muda wa chini ya saa moja na nusu. Nadezhda Petrukhina alikuwa rubani wa ndege za kivita, sasa ni mkuu wa shule, anaheshimiwa na kila mtu na hapendwi na wanafunzi wake. Inaanza kwa fundi cherehani anayempima kwa ajili ya suti na kumtangazia kwamba kipimo chake ni cha kawaida kabisa, naye ni mtu aliyewahi kupaa vitani. Baadaye, katika jumba la makumbusho, picha yake imetundikwa ukutani, na mtoto anauliza kama Petrukhina huyo alikufa. Yeye amesimama pale pale. Usitafute zaidi ya hapo; mtazame usoni. Na mahali ambapo yeye na mama mwenye baa wanacheza dansi wawili peke yao mchana, milango imefungwa, wanaume wakichungulia dirishani, utaelewa jinsi mwanamke huyu alivyokaa muda mrefu bila kuguswa na furaha.

Kama saa moja na nusu bado ni nyingi, ipo La Souriante Madame Beudet ya Germaine Dulac, ya Ufaransa mwaka 1923, ambayo haifiki hata saa moja. Mume ana mzaha mmoja anaourudia kila siku: kujielekezea bastola isiyo na risasi. Mke, aliyechoka kupita kiasi, anaitia risasi kwa siri. Sikuambii kinachofuata.

Swali: Nitazipata wapi filamu hizi kwa njia halali? Na je, kuna iliyopotea ambayo wewe mwenyewe ungetamani siku moja ipatikane?
*Mkusanyaji wa filamu*

Jibu: Nyingi ya nilizozitaja zimekwisha kurejeshwa na zinatolewa kwa diski au kwa huduma rasmi za mtandaoni. Filamu sita za Tanaka zilianza kuonyeshwa upya katika matamasha mwaka 2021, na Shoes ilirejeshwa na hifadhi ya EYE ya Amsterdam. Sambizanga ilirejeshwa chini ya mradi wa urithi wa filamu za Afrika ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa The Film Foundation, FEPACI (shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika) na UNESCO. Kwa kusoma habari za wanawake wa enzi ya filamu zisizo na sauti, Chuo Kikuu cha Columbia kina mradi wa wazi mtandaoni uitwao Women Film Pioneers Project, wenye wasifu wa mamia yao, wakiwemo waandishi wa miswada na wahariri ambao majina yao hayakuwekwa hata kwenye filamu. Tamasha la Il Cinema Ritrovato la Bologna nalo hutoa orodha ya filamu zilizofufuliwa kila mwaka, na orodha hiyo ni mwongozo mzuri hata kwa asiyeweza kusafiri.

Ninayoitamani ni Bulbul-e-Paristan ya mwaka 1926, ya Fatma Begum, mwanamke wa kwanza kujulikana kuongoza filamu nchini India. Inasemekana ilikuwa hadithi ya majini na maajabu, yenye hila nyingi za kamera, na hakuna nakala yake inayojulikana. Sikati tamaa kabisa, kwa sababu ya yaliyotokea kwa The Curse of Quon Gwon. Filamu hiyo ilitengenezwa Oakland, California, karibu na mwaka 1916 na Marion Wong, Mmarekani mwenye asili ya China, ambaye aliiandika, aliiongoza na kuigiza ndani yake, huku mke wa kaka yake, Violet Wong, akichukua nafasi ya bibi harusi. Haikupata mnunuzi, familia ilipoteza fedha zake, na kwa miongo mingi haikutajwa. Lakini Violet aliziweka tepe, na uzeeni akawakabidhi jamaa zake akiwataka wazishughulikie. Zilizobaki ni takribani dakika 35, na mwaka 2006 ziliingizwa katika orodha ya filamu za hifadhi ya taifa ya Marekani. Kwa hiyo wewe mkusanyaji, ukikutana na kopo la chuma lenye tepe za zamani na limeanza kutoa harufu kali, usilifungue karibu na moto wala usijaribu kuzichezesha tepe hizo kwenye mashine. Liweke mahali pa baridi na pakavu, kisha iandikie hifadhi ya filamu iliyo karibu nawe kabla ya kulitupa.